Nikaha Bila Cheti: Haki Yako Itabaki Mdomoni



Ndoa zetu Waislamu wa Kenya hazikuanza jana kuvuka mipaka. Mtu wa Lamu ana shemeji Unguja, mtu wa Mombasa ana wajomba Mukalla, mtu wa Garissa ana wakwe Kismayu, na wa Vanga akivuka kidogo tu yuko kwao Tanga. Siku hizi vijana wanakutana na wenza wao vyuoni, kazini Ghuba, hata kwa simu. Hilo si geni na wala si kosa. Ikiwa walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa na wawili wameridhiana, basi nikaha imetimia.

Lakini baada ya nikaha kuna maisha, na maisha ya mume au mke mgeni nchini Kenya yanapitia afisi ya uhamiaji. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Bwana harusi ameingia kwa ruhusa ya safari ya muda mfupi, siku zimeisha, hakuna aliyeshughulika. Mtoto amezaliwa. Siku ya msako anabebwa, na mke anakimbia kituoni na picha za harusi kwenye simu. Afisa anamuuliza swali moja tu: cheti cha ndoa kiko wapi? Hana. Ana barua ya imamu yenye muhuri wa msikiti, na barua hiyo haitoshi.

Tuseme wazi: sheria ya Kenya katika jambo hili si adui yetu. Adui mkubwa ni kutoijua.

Katiba ya zamani ilimbagua mwanamke waziwazi. Mwanamume Mkenya akioa mgeni, mkewe aliweza kusajiliwa kuwa raia. Mwanamke Mkenya akiolewa na mgeni, mumewe hakuwa na njia hiyo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifuta ubaguzi huo. Kifungu cha 15 kinasema aliyeolewa au kuoa raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba, awe mume au mke. Kifungu cha 14 kinampa mtoto uraia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba ni raia siku anapozaliwa, hata akizaliwa nje ya nchi. Na kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa ndoa wala kwa talaka. Kwa hivyo dada, usitishwe na yeyote anayekwambia umeolewa na mgeni basi mtoto wako si Mkenya. Huo ni uongo.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka ngazi zenyewe. Ngazi ya kwanza ni pasi ya mtegemezi, ambayo wewe Mkenya unamwombea mwenzako ili akae nchini kihalali. Kumbuka pasi hiyo si kibali cha kazi. Akitaka kuajiriwa au kufungua biashara, ashughulikie kibali chake. Ngazi ya pili: ndoa ikifika miaka 3, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ngazi ya tatu ni uraia, baada ya miaka 7. Sheria inataka ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa Kenya, iwe ya kweli, na muwe bado mnaishi pamoja mnapoomba. Hata mjane ana nafasi: ikiwa Mkenya amefariki kabla ya maombi, mwenzake aliyebaki anaweza kuomba usajili kwa masharti yaliyowekwa.

Ukitazama vizuri, ngazi zote zimeegemea karatasi moja. Miaka 3 na miaka 7 inahesabiwa kutoka siku ya ndoa. Bila cheti, utaithibitisha vipi siku hiyo? Mashahidi wanafariki, imamu anahama, walii anazeeka.

Wako wazee wetu wanaosema nikaha ni jambo la Mungu, serikali inaingiliaje? Tunawaheshimu, na ni kweli kwamba uhalali wa nikaha hautokani na muhuri wa serikali. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ni aya ya kuandikiana deni. Ikiwa shilingi tulizokopeshana zinastahili kuandikwa na kushuhudiwa, vipi ndoa ya binti yetu? Vipi nasaba ya mtoto, mirathi yake na haki yake ya kuishi na babake?

Na wanaoumia zaidi na uzembe huu ni wanawake. Yuko mwanamume anayekuja kutoka nje, anaoa kwa haraka, anakataa usajili kwa kisingizio kwamba "hayo ni mambo ya kizungu," kisha anapanda ndege na simu inazimwa. Mke anabaki hana cha kumshika nacho, si kwa nafaka, si kwa talaka, si kwa mirathi. Ewe walii, mchumba anayekataa kuandikwa amekwisha kukupa jibu kabla hujamuuliza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya Kiislamu moja kwa moja. Inafungishwa na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na msajili wa ndoa. Neno la kushika hapo ni aliyeidhinishwa. Muulize mapema, kwa adabu: "Sheikh, una idhini ya msajili?" Si kumkosea heshima. Sheria hiyo hiyo inasema kipengele chake chochote kinachokwenda kinyume na sheria na desturi za Kiislamu hakiwafungi Waislamu, na inaihesabu ndoa yetu kuwa inaweza kuwa ya mitala. Kwa hivyo mke wa pili naye asifichwe. Naye ni mke, na cheti ni haki yake.

Sasa fanyeni hivi. Kabla ya nikaha, mgeni alete pasipoti yake na hati rasmi ya kwao inayoonyesha hali yake ya ndoa. Msikae na nikaha ya mdomo mkisema cheti kitafuata. Anzeni usajili mara moja. Kama mmeoana nje, chukueni cheti rasmi cha nchi ile, kithibitishwe na mamlaka za kule, na kama ni cha Kiarabu kitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika. Hakikisheni jina limeandikwa sawa kila mahali. Muhammad kwenye pasipoti na Mohamed kwenye cheti ni herufi chache tu, lakini zinaweza kukurudisha nyumbani mara tatu.

Tunzeni ushahidi wa maisha yenu pamoja: mkataba wa nyumba, risiti, vyeti vya watoto, barua ya msikiti. Usingoje pasi iishe ndipo ukimbilie kuomba mpya. Na ikiwa imeisha tayari, msijifiche. Kukaa nchini kinyume cha sheria kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Tafuteni wakili au msaidizi wa kisheria, mwende wenyewe kabla hamjafuatwa.

Mabroka nao wawekeni mbali. Maombi ya serikali yako kwenye mtandao wa eCitizen na ada zinalipwa huko. Anayekwambia "nipe kitu kidogo, nina mtu ndani" anaweza kukuachia karatasi bandia, na atakayeshikwa nayo ni mwenzako.

Hatutaficha upande wa pili. Wapo wanaouza ndoa: anapewa pesa, anaandikwa mume au mke wa mtu asiyemjua, ili yule apate ukaazi. Hiyo si biashara, ni kuichezea nikaha, na sheria inaikataa ndoa ya namna hiyo. Pia inawachafulia njia wanandoa wa kweli, kwa sababu kila ndoa ya uongo inayogunduliwa inamfanya afisa amtilie shaka Mwislamu anayefuata kwenye foleni.

Kwa serikali tuna neno. Aprili 2014 tuliona maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakizuiliwa katika uwanja wa Kasarani kwa jina la usalama. Kwa miaka mingi vijana wetu walipigwa msasa kupata kitambulisho cha nchi yao wenyewe, hadi Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba utaratibu huo umekoma. Tabia hiyo hiyo isihamie kwenye faili za ndoa. Kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli ni kazi halali ya afisa. Kumhoji mtu kwa sababu ya jina lake, buibui lake au kanzu yake ni ubaguzi, na kifungu cha 27 cha Katiba kinaukataza. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa haraka na wa haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Tunazitaka afisi za uhamiaji zijibu maombi haya kwa maandishi, si kwa "njoo kesho." Ukinyimwa jibu, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na mwenzako akishikwa, ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, kuwa na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Haki hizo ni za kila anayeshikwa, raia na mgeni.

Kwa maimamu wetu: tunaomba kila msikiti unaofungisha ndoa uwe na mtu mmoja anayejua usajili huu, na msimfungishe mgeni bila hati zake. Mnapomkabidhi binti wa watu, mkabidhini na cheti chake.

Na wewe unayesoma hapa, kama umeolewa au umeoa na huna cheti, wiki hii nenda kwa aliyewafungisha umuulize kiko wapi. Kisha mtumie makala hii rafiki yako aliye katika posa. Haki uliyopewa na Katiba itakufaa siku utakapoweza kuithibitisha.

Wabillahi tawfiq.