Majani Hayana Kura, Wakulima Wanazo

Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake: usiingizwe, usiuzwe, usitafunwe. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kina mama wa Pwani wakashangilia, mashehe na maaskofu wakaunga mkono. Hazikupita siku nyingi, Rais William Ruto akakutana na viongozi wa Embu, muguka unakolimwa, kisha Ikulu ikatangaza kwamba marufuku hiyo ni batili, maana muguka ni zao linalotambuliwa na sheria za nchi. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha. Na baadhi ya zile kaunti zilizolia kwamba jani hili linaua kizazi zilifanya nini? Zikapandisha ada za magari yanayolileta. Wiki hii sumu, wiki ijayo mapato.

Katika kelele zote zile, hakuna mkubwa aliyesimama akauliza maswali ambayo mzazi yeyote angeuliza kwanza. Jani hili linadhuru kiasi gani? Linamdhuru nani? Linamdhuru kuliko pombe, au chini ya pombe? Hesabu iliyopigwa ilikuwa ya kura. Embu ina zake, Mombasa ina zake, na mwenye Ikulu alijua mzigo upi ni mzito. Hivi ndivyo tunavyotunga sera za vilevi katika nchi hizi. Sheria haitazami jani linafanya nini mwilini. Inatazama nani analilima, nani analitafuna, na nani kati yao anaogopwa.

Nisieleweke vibaya. Mtu asiniambie muguka ni mboga. Pita maskani yoyote ya Kisauni au Likoni jioni ujionee. Muguka ni ndugu wa miraa, ila ni majani mafupi, laini, yanayoliwa yenyewe bila kubandua ganda, na bei yake humfaa hata asiye na kazi. Kijana anajaza shavu, anaongeza chingamu ya kuua uchungu, njugu pembeni, soda baridi mkononi. Handasi, ule ulevi wa jani, ikishika, maneno yanamiminika, mipango ya biashara inapangwa hadi Dubai, njaa inasahaulika. Kisha usiku unakuja na usingizi haupo. Saa kumi alfajiri macho makavu yanatazama mabati, na mtu anatafuta cha kumlaza: msokoto wa bhangi, au kidonge kilichouzwa bila cheti cha daktari. Asubuhi halali wala haamki. Mke wake ndiye mtaalamu wa muguka katika nyumba ile, na hakuna kikao cha Ikulu alichowahi kualikwa.

Lakini panda sasa milima ya Nyambene, kule Igembe, Meru, uone upande wa pili. Kule miraa ni ada ya shule, bati la nyumba na heshima ya ukoo. Kuna miti iliyorithiwa babu kwa mjukuu. Posa haiendi bila kitita maalumu cha miraa kilichofungwa kwa adabu zake. Mabunda yanaviringishwa kwa majani ya mgomba yasikauke, yanapakiwa kwenye pikapu, na dereva anakimbia kuelekea Nairobi kama aliyeiba, kwa sababu kathinoni, kemikali inayoleta ile nguvu, huanza kupotea jani likikatwa tu, na baada ya siku mbili mteja hana haja nalo. Mkulima huyu hakumlazimisha mtu kutafuna. Bunge lilipoitambua miraa kuwa zao la biashara mwaka 2016, lilimpa haki aliyostahili kitambo.

Sasa nauliza: kwa nini haki hiyo inaishia kwake? Kenya hiyohiyo, kwa sheria ya 1994, inamtia jela kijana aliyekamatwa na msokoto mmoja mfukoni. Bhangi ilipigwa marufuku tangu enzi za Mwingereza, na tangu uhuru tumelirithi katazo lile kama tulivyorithi wigi za mahakimu, bila kuuliza lilitungwa kwa ajili ya nani. Afrika Kusini iliuliza. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya huko iliamua kwamba mtu mzima anayevuta bhangi kwake, faraghani, si mhalifu. Sisi bado tunalikwepa jambo hilo bungeni. Mkulima wa miraa ana mbunge, seneta na gavana. Mkulima wa bhangi ana giza la usiku tu.

Vuka mpaka wa Namanga uone kichekesho kingine. Miraa, jani ambalo upande wa Kenya lina kanuni zake serikalini na maofisa wa kulisimamia, upande wa Tanzania linaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria, lililowekwa kapu moja na bhangi. Katika milima ya Same, Kilimanjaro, maofisa wa kupambana na dawa za kulevya huingia na mapanga kufyeka mashamba. Watu wamefungwa miaka 30 kwa kusafirisha mirungi ya kilo kadhaa. Miaka 30! Mwenzao wa Maua, Igembe, kwa mzigo uleule, anapewa risiti ya ushuru. Kama jani hili ni sumu ya kumfungia mtu nusu ya umri wake, Kenya inawaua watu wake. Kama ni zao halali, Tanzania inawafunga wakulima bure. Hakuna sayansi inayobadilika kwenye kizuizi cha forodha.

Na Wazungu wasidhani nimewasahau. Mwaka 2006 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilipitia jani hili wakaona halistahili kuwekwa chini ya mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza likasema vilevile: msilipige marufuku. Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akawapuuza, na Juni 2014 marufuku ikaanza. Waliokuwa wakitafuna London na Birmingham walikuwa Wasomali, Wayemeni na Waethiopia. Wiski ya waheshimiwa haikuguswa. Meru ilipiga kelele kwamba wataalamu wamedharauliwa, na ilikuwa na haki ya kupiga kelele. Nangoja viongozi walewale waseme kwamba wataalamu wasikilizwe pia wanapozungumzia muguka kwa watoto.

Tuje kwenye chupa, kilevi ambacho hakuna anayethubutu kukiita dawa ya kulevya. Bia inadhamini mpira, ina mabango makubwa barabarani, na ikipandishiwa kodi inakuwa habari ya taifa. Mnyonge akikosa ya chupa anakunywa ya pipa. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe yenye sumu, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba ilitokana na vielelezo vilivyotoroshwa kutoka kituo cha polisi. Soma tena: kutoka kituo cha polisi. Halafu tunaambiwa adui ni majani.

Wakati huo unga unaendelea kumaliza Pwani kuanzia Lamu hadi Unguja. Heroini, wala si muguka, ndiyo iliyowafanya vijana wetu mateja, wakichomana sindano moja na kugawana virusi. Na wenye mali walikuwa wanajulikana. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa mwaka 2014, lakini walihukumiwa New York: Baktash miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Ilibidi Marekani iwachukue ndipo haki itendeke, huku jela ya Shimo la Tewa ikijaa watoto wa maskini waliokutwa na msokoto. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wetu umenolewa meno upande mmoja tu, upande wa mnyonge.

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji miujiza. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuwapa mateja methadoni mwaka 2011, kila siku, mbele ya muuguzi, badala ya kuwakimbiza na virungu. Malindi nako huduma hiyo ikaja. Aliyekuwa akiiba sufuria za mama yake sasa anafika kliniki asubuhi, anakunywa kikombe chake, anakwenda kazini. Huyo ni mgonjwa aliyetibiwa. Polisi wasingemfikisha hapo hata wangempiga miaka kumi.

Basi nasema waziwazi. Vilevi vyote, vya chupa, vya jani na vya unga, vipimwe kwa kipimo kimoja cha madhara, na matokeo yatangazwe hadharani hata kama yatawaudhi wenye viwanda vya bia. Mtumiaji apelekwe kwa daktari, asipelekwe kwa hakimu. Anayemuuzia mtoto muguka, bia au sigara afungiwe kibanda siku hiyohiyo, na asitafute mjomba wa kumwombea. Mfanyabiashara mkubwa wa unga ashitakiwe hapa, na mahakimu wetu, bila kungoja ndege ya Wamarekani. Na hizo ada za muguka mlizozipandisha ziwekewe akaunti yake, kila shilingi iliyokusanywa Mombasa ijenge wodi ya waraibu Mombasa, hesabu zibandikwe ukutani tuzisome. Gavana atakayekataa hilo na aendelee kukusanya ushuru wake, lakini akome kutulilia majukwaani kuhusu vijana wetu.