Pesa ya oili chafu itoke kwenye oili mpya

JICHO LA MTAA
Na Zuhura Mbaraka

Fundi wa bodaboda akifungua plagi ya sampu, oili inashuka ingali ya moto, nyeusi tii, nyepesi kuliko ilivyoingia. Ni lita moja hivi. Anaikinga kwa dumu lililokatwa ubavu, anarudisha plagi, anamimina oili mpya, dereva analipa na kuondoka. Robo saa haijaisha. Tatizo ninalotaka tulizungumze wiki hii limebaki chini, ndani ya lile dumu.

Katika gereji kubwa za Gerezani na Shaurimoyo, jijini Dar es Salaam, oili chafu ina wenyewe. Lori moja linaweza kutoa zaidi ya lita 30 kwa mkupuo, Coaster lita 10 hivi, na pipa la lita 200 halichukui muda kujaa. Wapo wanaopita kununua. Wenye tanuri wanaichoma, wauza mbao wanaipaka kwenye mbao za kupaulia ili mchwa wasizisogelee, wengine wanapaka nguzo za uzio. Hakuna anayeona anafanya kosa. Oili chafu pale ni mali, na mali haimwagwi.

Kijiweni ni habari nyingine. Fundi wa Tandale au Manzese akiambulia lita tano, sita kwa siku, hakuna mnunuzi atakayefunga safari kuzifuata. Kuziweka ndani ya kibanda cha mabati ni kukaribisha moto, kwa hiyo anazimwaga. Mchanga unazinywa, au mtaro unazipokea, na mitaro ya upande ule huishia Mto Ng'ombe. Mto Ng'ombe unaingia Msimbazi, na Msimbazi unapita Jangwani hadi kwenye mikoko ya Salenda na baharini. Bondeni humo ndimo unamolimwa mchicha tunaoununua sokoni. Ukihesabu vijiwe vya bodaboda vilivyopo kati ya Mbagala na Tegeta, na ukikumbuka kwamba pikipiki ya biashara hubadilishwa oili mara kwa mara kwa sababu haipumziki, utaona kwamba lita hizi mojamoja si jambo dogo.

Oili iliyotoka kwenye injini si ile iliyotoka kwenye chupa. Imebeba vumbi la vyuma vilivyosuguana, masizi, mabaki ya petroli, na kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani ya ngozi. Fundi anayeshinda nayo mikononi na kijana anayepaka mbao bila glavu ndio wa kwanza kuumia, na sijaona anayewaambia. Kwa upande wa maji, EPA, shirika la mazingira la Marekani, linaeleza kwamba oili ya badiliko moja tu la gari inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi.

Shirika hilohilo linatoa hesabu nyingine inayonitia moyo. Oili ya injini haichakai, huchafuka tu. Ikichemshwa maji yakatoka, kisha ikakenekwa katika mtambo ulioondolewa hewa, inarudi kuwa oili ya msingi ya kutengenezea vilainishi vipya. Galoni moja ya oili chafu inatoa kiasi kilekile cha kilainishi ambacho ungehitaji galoni 42 za mafuta ghafi kukipata. Sisi tunaagiza vilainishi kwa fedha za kigeni, halafu tunavimwaga mtaroni.

Basi nani alipie ukusanyaji? Hapa ndipo naona tunakosea njia. Mazoea yetu ni kungoja mfadhili: fedha za miaka miwili, semina, fulana, mapipa yaliyopakwa rangi nzuri. Mapipa yakijaa mara ya kwanza, gari la kuyachukua halina dizeli. Siidharau elimu, lakini fundi wa Manzese hahitaji semina ili ajue kwamba oili inachafua. Anaiona kila siku. Gharama ya kazi hii iko kwenye kuzunguka, kutoka kijiwe hadi kijiwe, kufuata lita tano hapa na lita nane pale. Pesa isiyofika kwenye mzunguko huo haijafika popote.

Wapo wanaosema tuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kikope, kinunue guta, kikusanye oili. Ni wazo zuri, na mkopo hauna riba. Lakini mkopo ni deni. Vijana hao watalipa kwa mapato gani, ikiwa wanakwenda kukusanya ile oili ambayo wanunuzi wameiacha kwa kuwa haiwalipi? Kwanza kuwe na malipo ya uhakika kwa kila lita, ndipo guta la mkopo liwe na maana.

Malipo hayo yatoke kwenye oili mpya. California ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1991. Ilianza na senti 4 za dola kwa kila robo galoni ya oili mpya, na fedha zikarudi kwa vituo vinavyopokea oili chafu na kwa miji iendeshe programu zake. Sheria ya mwaka 2009 ikapandisha tozo hiyo. Afrika Kusini kampuni za vilainishi zenyewe zilianzisha Rose Foundation mwaka 1994, kwa michango iliyohesabiwa kwa lita. Na sisi sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 imeshasema mchafuzi alipe. Vilainishi vinatozwa ushuru wa bidhaa, kwa hiyo hatuhitaji mkusanyaji mpya. Tunahitaji mstari mmoja wa nyongeza.

Tuseme Sh100 kwa lita. Najua kilio cha tozo, na sikidharau, kwa sababu dereva wa bodaboda ameshabebeshwa nyingi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hii lazima irudi chini. Sehemu alipwe fundi aliyeitunza oili, sehemu wapewe wenye guta, inayobaki ilipie vipimo na ukaguzi. Na malipo ya lita 20 za kwanza kutoka kijiwe kidogo yawe makubwa kuliko ya pipa la gereji. Bei ikiwa sawa, kila kikundi kitakimbilia Gerezani kwenye mapipa yaliyojaa, na Tandale itaendelea kumwaga.

Kuna hatari moja inayonisumbua kuliko zote. Oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa na kutiwa kwenye chupa yenye lebo inaweza kurudi dukani kama oili mpya, ikaua injini ya mtu aliyekopa pikipiki. Tukitoa pesa bila kufuatilia, tutakuwa tunawalipa watu wa mchezo huo. Malipo ya mwisho yatoke pale tu mwenye leseni ya kuisafisha au kuichoma anapotoa stakabadhi ya lita alizopokea. Vipimo vya awali havihitaji maabara. Dondosha tone kwenye bati la moto: likitoa mlio wa kupasukapasuka, lina maji. Dumu lililochanganywa petroli au mafuta ya breki nalo likataliwe, maana dumu moja baya linaharibu pipa zima.

Mtambo wa kusafishia unataka oili nyingi na ya uhakika, nasi hatutaanza na nyingi. Kwa miaka ya mwanzo nakubali ichomwe kwenye tanuri za saruji, ambako joto hufika nyuzi 1,450 na sumu nyingi huungua. Si matumizi bora ya oili, lakini ni salama mara nyingi kuliko tanuri ya uchochoroni isiyo na bomba la moshi la maana. Kiasi kikishajulikana, mwekezaji wa mtambo atakuwa na hesabu ya kuweka mezani.

Fedha zenyewe zigawiwe kwa halmashauri kulingana na lita zilizokusanywa, wala si kwa idadi ya watu, na takwimu zibandikwe ofisi ya kata kila mwezi, ili fundi aone lita zake zimeandikwa.

Muswada wa Fedha hufika bungeni mwezi Juni, na Kamati ya Bajeti huwaita wadau kutoa maoni. Waagizaji wa vilainishi wana uwezo wa kufika na wanasheria wao. Naomba safari hii vyama vya waendesha bodaboda na mafundi wa Dar es Salaam wafike pia, wakiwa na madai mawili yaliyoandikwa: tozo iwe ndogo, na isiende kokote ila kwenye lita iliyokusanywa.