Soma muhuri, usije ukalala lupango

Kijana mwenzangu uliyekaa kijiweni Kariakoo ukingoja "mchongo" wa nje, hebu twende kwanza Shume, kule juu Lushoto kwenye baridi na kabichi.

Kule utamkuta Mzungu na begi mgongoni, katoka kutembea msitu wa Magamba. Kanogewa, anataka kuongeza siku. Je, anajificha kwenye shamba la karoti? Hathubutu! Anafungua pasi yake na kusoma tarehe. Viza ya kawaida kailipia dola 50, Mmarekani dola 100, na mwisho wake ni siku 90. Hazitoshi? Anateremka kuwauliza Uhamiaji kabla hazijaisha.

Zamani babu zake hawakuulizwa. Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka Shume hadi Mkumbara, wakateremsha mbao zetu mpaka kwenye reli, na hakuna aliyewagongea muhuri. Enzi hizo zimepita. Leo kila mgeni huulizwa, na mjukuu amejifunza. Wewe je?

Chukua kijana wa Shume. Anadandia lori la mboga mpaka Mombo, anapita Segera na Tanga, anavuka Horohoro kuingia Lungalunga, huyo Mombasa. Amegongewa muhuri, hakuusoma. Miezi inapita. Siku moja anaulizwa karatasi njiani, jasho linamtoka. Anatoa "kitu kidogo". Kesho anatoa tena. Amegeuka ng'ombe wa kukamuliwa.

Kinachouma ni kwamba haki alikuwa nayo! Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama kibali cha kutembelea nchi nyingine mwanachama hadi miezi sita, bila ada. Akiwa na sababu ya maana ya kubaki zaidi, anaomba kuongezewa. Alikuwa anahonga ili aachiwe kitu ambacho angekiomba mchana kweupe.

Lakini sikiliza vizuri. Miezi sita ndiyo kikomo. Siku alizoandika ofisa ndizo zako. Na kibali cha kutembea si cha kufanya kazi. Kazi ina kibali chake.

Mbali zaidi hakuna utani. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Tangu kanuni za 2014, ukizidisha muda usiozidi siku 30 unaweza kufungiwa miezi 12. Ukipita hapo, miaka mitano. Dubai faini ya kuzidisha ni dirhamu 50 kwa siku. Piga hesabu: siku 100 ni dirhamu 5,000! Ni kweli, Septemba hadi Desemba 2024 Emirati walitoa msamaha. Lakini msamaha si mvua ya vuli kwamba utaungoja kila mwaka.

Sasa anakuja wakala na shati lake jeupe: "Ukifika utaongeza tu." Mbane. Nani ataongeza? Ofisi gani? Kwa shilingi ngapi? Mwisho wa kuomba ni siku gani? Akianza kukohoa, ondoka na pesa zako. Viza ya utalii haigeuki kuwa ya kazi kwa maneno matamu.

Na serikali isijifiche nyuma ya wakala. Pasi ya kielektroniki ilipozinduliwa 2018 iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Mlalahoi anauza magunia ya viazi ili aipate. Kwa bei hiyo tunadai kila pasi itoke na karatasi ya Kiswahili chepesi inayosema muda ni upi, unaongezwa wapi, na ukizidi utafanywa nini. Tunadai ubao wa maelezo hayo Horohoro na kila stendi. Mtalii anaelezwa viza yake kwa ufasaha kwenye mtandao. Mwenye nchi aachwe aelimishwe na polisi wa ugenini? Haiingii akilini.

Wakati tunawasubiri wakubwa waamke, wewe usilale. Ukigongewa muhuri, usiondoke dirishani kabla hujausoma. Andika tarehe ya mwisho ukutani kwako. Wiki kadhaa kabla haijafika, nenda Uhamiaji ukaombe, au funga begi urudi nyumbani. Kurudi kwa miguu yako si aibu. Aibu ni kurudishwa na pingu.