Ahadi na Dhamira Si Neno Moja

Wako wasomi wadaio kwamba Kiswahili hakina neno la kutafsiri "commitment" la Kiingereza, na kwa hiyo wamejihalalishia kusema "komitimenti" mkutanoni na "dhamira ya dhati" gazetini. Dai hili ni la uvivu, na hasara yake haiishii kwenye lugha. Ahadi ni deni, ndivyo walivyotuambia wazee. Na deni likishapewa jina lisilo lake, mdai hujikuta hana cha kudai.

Tulitazame kwanza hilo neno dhamira. Dhamira ni jambo la moyoni. Ni nia, ni kusudio, ni ile sauti ya nafsi imwambiayo mtu kwamba hili ni jema na hili ni baya. Mtu aweza kuwa na dhamira ya kujenga nyumba kwa miaka ishirini, asiweke hata jiwe moja, na asiwe amemkosea mtu yeyote. Lakini aliyeahidi mbele ya wenziwe kwamba atajenga zahanati, huyo amekwisha kujifunga, na wenziwe wanayo haki ya kumwuliza zahanati i wapi. Neno la Kiingereza lina maana hizo zote mbili, ya moyo na ya kufungwa. Mfasiri wetu ameiokota ile nyepesi na kuiacha ile nzito njiani. Matokeo yake, wanakijiji huambiwa kwamba ipo dhamira ya dhati ya kuwaletea maji, nao hupiga makofi. Mwaka ukapita bila bomba, na hakuna awezaye kusimama kudai, maana nia haina tarehe wala shahidi.

Je, ni kweli kwamba neno halipo? Kiswahili kinasema kujifunga. Mtu hujifunga kwa neno lake, hujifunga kwa sharti, na akiishika kazi kwa moyo wote husemwa kwamba amejifunga kibwebwe, kama mwanamke ajikazaye nguo kiunoni kabla ya kuinamia kazi. Sioni "komitimenti" inaongeza nini hapo, ila labda heshima ya msemaji machoni pa wale wasiomwelewa.

Wala tusiwasingizie Waingereza. Wao wenyewe hawakuridhika na neno moja. Wana "promise", wana "vow", wana "oath", wana "covenant". Na "pledge" yao, waliyoipata kwa Wafaransa, asili yake ilikuwa dhamana, yaani kitu au mtu awekwaye ili neno liaminiwe. Ni sisi tunaoyamimina yote hayo katika kapu moja la ahadi, kisha tukalalamika kwamba kapu ni dogo.

Wazee wetu walipambanua. Miadi ina saa yake na mahali pake. Asiyefika, miadi imempita. Nadhiri ni baina ya mja na Mola wake, nayo huwekwa na kuondolewa, na binadamu mwingine hawezi kumsamehe mtu nadhiri yake. Kiapo huliwa. Hatusemi kutoa kiapo tu, twasema kula kiapo na kula yamini, na wazee waliliita kiapo pia lile jaribio la kumtambua mwongo kwa kumlisha au kumgusisha kitu ambacho, waliamini, kingemdhuru. Aliyeapa alikuwa ameingiza adhabu tumboni mwake. Rehani ni mali, na arubuni ni fedha ya kutangulia ili muuzaji asimpe mwingine. Na katika mambo ya ndoa, hatuna haja hata ya neno ahadi: kuna posa, kuna uchumba, na kuna kishika uchumba, ambacho jina lake lenyewe laeleza kazi yake.

Hapa ndipo ninapowashangaa zaidi wafasiri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu aliyevunjiwa "promise of marriage" kudai fidia mahakamani, na inaruhusu pia kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Tukisema "kuvunja ahadi ya ndoa", kijana atadhani hata neno la mzaha la jioni moja linatosha kumpeleka kortini. Tukisema "kuvunja uchumba", kila bibi na kila babu anajua ni nini kilichovunjwa, nani alishuhudia, na kipi kirudishwe.

Kuna na upuuzi mdogo, ambao nautaja kwa kupita tu: mwanamuziki au mchezaji kijana kuitwa "anayeahidi" kwa sababu Mwingereza humwita "promising". Ameahidi nini, na kwa nani? Huyo ni chipukizi.

Msomaji akitaka ushahidi wa karibu, auangalie mfano wa TANU, chama kilichoasisiwa mwaka 1954 na kuungana na ASP mwaka 1977. Maneno kumi aliyoyatamka mwanachama wake yaliitwa ahadi, hayakuitwa dhamira. Na ndani ya ahadi hizo cheo kiliitwa dhamana, yaani kitu cha watu kilicho mikononi mwa mtu. Waliochagua maneno hayo walitaka mwanachama aweze kudaiwa.

Shauri hili si la wanalugha peke yao. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi ichukuliwe Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872. Inaeleza kwamba pendekezo likikubaliwa na aliyependekezewa, ndipo huwa "promise". Mfasiri akiandika "ahadi" hapo, atakuwa amesema jambo ambalo Kiswahili hakilisemi, kwa kuwa ahadi humfunga msemaji tangu imtokapo kinywani, haingoji kukubaliwa na mtu. Kinachongoja kukubaliwa na pande mbili ni agano.

Najua kuna watakaonijibu kwamba agano limekwisha kuwa neno la Biblia, la Kale na Jipya, na kwamba halifai kuwekwa kando ya magunia ya korosho. Lakini wafasiri wa Biblia walilikuta mikononi mwa watu. Wavuvi huagana jioni wakutane ufukweni alfajiri, kila mmoja na kazi yake, huyu chambo na yule tanga. Na asiyetokea husemwa kwamba amevunja maagano, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeandika karatasi.