Ana Kimeo? Kwani Nani Hana!

Wiki hii tunaingia mdomoni. Chukua kioo, simama penye mwanga, achama kama uko kwa daktari wa meno halafu sema "aaa". Umekiona kile kinyama kinachoning'inia kule nyuma, juu ya mzizi wa ulimi, kama tone la maji linalotaka kudondoka? Kina jina lake, tena la heshima zake: kidakatonge.

Najua umecheka. Kwenye daladala hulisikii neno hili hata siku moja. Liko kwenye kamusi, limekaa kimya. Wengine husema kilimi, yaani ulimi mdogo. Mtaani sisi tunasema kimeo, yamekwisha.

Sasa angalia majina yalivyo na mambo yake. Kidakatonge ni jina la kitu chenye kazi. Kudaka ni kazi ya golikipa, na tonge unalijua mwenyewe. Kusema kweli tonge lenyewe hakilidaki. Unapomeza, kaakaa laini huinuka pamoja na hicho kidakatonge chake, wakaziba njia ya puani, ili ugali wako ushuke tumboni badala ya kuchungulia puani. Kiguse kwa mswaki uone cha moto: kichefuchefu papo hapo. Kinatoa pia mate mepesi ya kulainisha koo. Na waliopita madrasa wanajua kwamba qaf hutamkwa jirani yake kabisa, ulimi ukigusa huko nyuma. Waswahili tukaona taabu ya nini, qalam ikawa kalamu, sanduq ikawa sanduku. Wenye Kilatini wao waliona tunda tu, wakakiita uvula, zabibu ndogo.

Kimeo je? Ukilitamka tu unasikia kumea, kama kitu kilichoota mahali kisipotakiwa. Na vijana ndiyo tumelimaliza kabisa: gari la kusukumwa kila asubuhi, kimeo, simu isiyokaa na chaji, kimeo, mshikaji anayekopa harudishi, kimeo. Utani hauna neno. Balaa linaanza mtoto anapokohoa.

Mtoto anakohoa wiki ya kwanza, ya pili, usiku halali, akila anatapika. Jirani anakuja, anamwachamisha, anachungulia, anatoa hukumu: "Huyu ana kimeo!" Ana kimeo? Kwani nani hana? Hata wewe dada yangu unayesema unacho. Ni sawasawa na kumwambia mtoto ana pua. Lakini kwa watu wengi "ana kimeo" tayari ni ugonjwa, na dawa yake eti ni kukata. Anatafutwa fundi, mtoto anabanwa mikono na miguu, kisu kinaingia kooni. Ganzi hakuna. Kisu kilitoka kinywani mwa nani kabla ya hapo, hakuna anayeuliza.

Hapo ndipo damu inapogoma kukatika. Ndipo panapoingia usaha, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa kisu kilichopita kinywa hadi kinywa. Wapo watoto waliokufa. Wapo waliobaki wakiongea kwa puani.

Na kikohozi? Kiko pale pale, maana kilikuwa kifuani! Nimonia, pumu, kifua kikuu: yote hayo kidakatonge hakihusiki. Wakati familia inasubiri kidonda cha kooni kipone, ugonjwa wenyewe unaendelea kula pafu. Kikohozi cha wiki mbili ni cha kupimwa TB, na hapa Tanzania vipimo na dawa zake katika vituo vya serikali ni bure. Mtoto anayehema harakaraka, mbavu zikiingia ndani, huyo usimhesabie wiki. Mkimbize siku hiyo hiyo.

Sisemi kidakatonge hakiugui. Kinaweza kuvimba koo likiingiliwa na vijidudu, au kwa mzio, na tiba yake ipo. Wapo pia watu wazima wanaopunguzwa hospitalini, hasa wale wakoromaji ambao pumzi huwakatika usingizini. Lakini hao wanapewa dawa ya usingizi, na mwenye kisu ni daktari wa koo, siyo fundi wa mtaa wa pili.

Kwa hiyo siku mama mkwe akikwambia mjukuu wake ana kimeo, usigombane naye, ni mama yako. Mwambie kwa adabu: "Ndiyo mama, hicho ni kidakatonge, amezaliwa nacho. Twende wakamsikilize kifua." Neno geni lina faida yake. Atakapokuwa anauliza "kidaka nini?", wewe mtoto umeshambeba na bajaji iko mlangoni.