Picha na staa haipigwi kwa kuvizia

Agosti ikikaribia, Dar es Salaam inagawanyika rangi mbili. Simba wana Simba Day yao tangu 2009, Yanga wana Wiki ya Mwananchi tangu 2019, na kila upande unaapa utaujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa mpaka wengine wabaki nje. Nani kajaza zaidi, hilo nawaachia watani wenyewe. Leo nina jambo ambalo liko kichwani mwa mashabiki wengi kuliko wanavyokiri: picha na mchezaji.

Tusidanganyane. Mtu hapandi basi Mbeya, akaja kukesha kwa shemeji yake Mbagala, kwa sababu ya mechi ya kirafiki. Mechi hiyo angeiona kwenye televisheni. Anakuja ili arudi na kitu cha kuweka mezani kijiweni. Jezi anaipata hata kwao, tena ya bei chee. Picha amesimama bega kwa bega na mshambuliaji wake, hiyo haiuzwi dukani. Sasa ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu aliyejipanga miezi miwili kutafuta nauli, kwa hiyo picha hajajipanga hata dakika mbili. Anaitegemea bahati. Anarudi na picha ya kisogo cha baunsa.

Kosa la kwanza ni kudhani picha inapatikana siku ya kilele. Pale Kwa Mkapa panaingia watu 60,000. Wachezaji wanatambulishwa jioni, mmoja mmoja, muziki unapigwa, na kati yako na wao kuna njia ya kukimbilia, askari na mabaunsa. Ukiwa mzunguko, nyota wako unamwona ukubwa wa kidole. Siku hiyo ni ya kushangilia, shangilia.

Picha inatafutwa siku zile za kabla yake. Klabu zote mbili zina kawaida ya kujaza wiki hiyo shughuli za kijamii: kuchangia damu, kutembelea wagonjwa na watoto yatima, kwenda kwenye matawi. Huko watu ni wachache, na mchezaji akiwapo hana presha ya mechi. Nenda uchangie damu kweli, siyo kuuza sura. Na kama ni hospitali, mgonjwa kitandani siyo pambo la picha yako. Subiri mtoke nje, hata mchezaji mwenyewe atakuheshimu.

Halafu simu. Kuna kitu kinauma kama kumfikia mtu uliyemtafuta miaka mitatu, halafu simu inakuandikia kumbukumbu imejaa? Futa zile video za WhatsApp usiku wa kabla. Chaji ijae. Kioo cha kamera kipanguse, maana wengi wetu tunapiga picha kupitia mafuta ya chipsi halafu tunalaumu simu ya Kichina. Chagua mapema nani atakayekupiga, mwelekeze nyumbani, mwambie apige nne au tano mfululizo bila kuuliza “niipige tena?” Na jua liwe mgongoni kwa mpigaji, siyo mgongoni kwenu. Sisi weusi, jua likitoka nyuma tunabaki vivuli viwili, hakuna atakayejua nani ni beki na nani ni fundi seremala.

Kuhusu jezi, vaa ya klabu yake, tena ya halali kama unayo. Umpe mchezaji jezi feki aisaini? Jamani!

Ukishamfikia una sekunde chache tu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maneno yawe tayari mdomoni: “Kaka, shikamoo ya mashabiki wa Tukuyu, naomba picha moja.” Inatosha. Vikosi vyetu vimejaa vijana wa Afrika Magharibi na Kongo, kwa hiyo hata “bonjour” moja itamfanya akugeukie. Usimwombe jezi, usimwombe namba, na usimuulize ile penalti ilipaa vipi. Mkono weka begani, siyo shingoni. Nimeona watu wanamkaba mchezaji kama wanamkamata kibaka, halafu wanashangaa kwa nini kanuna. Na akisema hapana, ni hapana. Ametoka kufungwa, au yuko na mke na watoto, au anatoka zake msikitini. Mwache apite.

(Kama unaibandika ukutani, bandika kwa gundi hafifu. Waulize waliokuwa na picha za Clatous Chama ndani ya jezi nyekundu, halafu mwaka 2024 mwamba akavuka kwenda Jangwani.)

Sasa wale wa kuruka uzio. Juni 2024, kwenye Euro, Ureno ilipocheza na Uturuki mjini Dortmund, mtoto mmoja alikimbia hadi kwa Cristiano Ronaldo, na Ronaldo akatabasamu wakapiga selfi. Watu wakaona njia imefunguka. Wakafuata wengine, tena watu wazima, mmoja baada ya mwingine, na safari hiyo Ronaldo hakutabasamu. Kocha wake, Roberto Martinez, alisema waziwazi kwamba jambo hilo linatia wasiwasi, na UEFA ikaongeza ulinzi. Mchezaji anayekimbiliwa hajui umeshika simu au kisu. Baunsa naye hajui, kwa hiyo atakubeba mzobemzobe, na hiyo ndiyo picha yako itakayosambaa.

Lakini sitaki mzigo wote abebeshwe shabiki. Watu wanavizia kwa sababu hawajawekewa utaratibu. Wenye kujuana na viongozi wanaingizwa hadi chumba cha kubadilishia nguo, watoto wao wanabebwa na wachezaji, picha zinarushwa mtandaoni saa hiyohiyo. Aliyekata tiketi ya mzunguko anaambiwa asisogee. Hili lina mwisho mbaya, na tumeshauona. Desemba 13, 2025, Lionel Messi alifika Kolkata, India. Watu walilipa fedha nzito kumwona. Akaingia uwanjani akiwa amezungukwa na wanasiasa na wakubwa, kila mmoja na simu yake, waliokaa majukwaani wasimwone vizuri. Baada ya muda mfupi, kama dakika 20 hivi, akaondolewa. Viti na chupa vikaanza kuruka, watu wakavamia uwanja, mwandaaji akakamatwa, na kiongozi wa serikali ya jimbo akaomba radhi. Sitetei kung'oa viti, sisi wenyewe tunajua Simba ilivyolazimika kucheza na CS Constantine bila mashabiki Januari 2025, baada ya viti kung'olewa kwenye mechi ya Sfaxien. Nasema tu kwamba hasira ile ya Kolkata ilitengenezwa na wale waliosimama kati ya mchezaji na mwenye tiketi.

Wenzetu wa Bayern Munich wana jambo lao moja nalipenda. Kila msimu, majira ya baridi, wachezaji wanagawanywa kwenda kwenye matawi ya mashabiki, hata ya vijijini, mmoja huku, mwingine kule. Anakaa nao, anajibu maswali, anapiga picha. Hakuna anayeruka uzio kwa kitu atakachokipata kwenye ukumbi wa kijiji chake.

Matawi sisi tunayo. Klabu zetu zinashindwa nini kutenga alasiri mbili za wiki ile, wachezaji sita sita, foleni moja yenye kamba, mpiga picha wa klabu, na picha ikatumwa kwa simu ya shabiki? Watoto watangulie. Wadhamini wakitaka kuweka bango nyuma, waweke, hakuna atakayelalamika. Ila foleni iwe moja, na mwenye kadi ya uanachama aliyoilipia apite kabla ya mwenye namba ya simu ya kiongozi.