Kilebu wa Nyumbani Hatoki Sokoni

Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mwanafunzi wa Kenya alikariri majina ya wana wa wanyama kama akaririye sala: mwana wa ng'ombe ni ndama, wa punda ni kiongwe, wa samaki ni kichengo, wa mbwa ni kilebu. Aliyekosa neno hilo la mwisho alipoteza alama. Ajabu ni kwamba wengi waliolipata neno mtihanini hawakuwahi kumpata kilebu mwenyewe nyumbani. Leo wamekuwa wazazi, watoto wao wanamlilia kilebu, nao hawajui pa kumtafuta ila kwa muuzaji. Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba familia itafutayo kilebu wa kulelewa pamoja na watoto haina haja ya kwenda kwa mzalishaji wa mbwa, na kwamba mahali pa kuanzia ni karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Soko la vilebu lina sura mbili. Ya kwanza ni ya mzalishaji afugaye mbwa wa nasaba na kuwauza kwa bei ya juu, mara nyingi pamoja na karatasi za ukoo wao. Ya pili ni ya kijana asimamaye kando ya barabara jijini Nairobi, vilebu wawili mikononi, akisubiri magari yapunguze mwendo. Si insafu kumlaumu kijana huyo, kwani ukosefu wa kazi ndio uliomweka pale juani. Hata hivyo, wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilebu atembezwaye barabarani mama yake hajulikani, chanjo zake hazijulikani, na umri wake ni ule autajao muuzaji. Mnunuzi asiyejua kwamba meno ya utotoni ya mbwa huwa 28, na kwamba hukamilika kwenye majuma sita hadi manane, atauziwa kilebu wa mwezi mmoja akiambiwa ni wa miezi miwili. Kilebu huyo aliyeachishwa ziwa mapema akifa baada ya siku chache kwa ugonjwa wa parvo, mtoto aliyempa jina ndiye atakayebaki na msiba.

Wapo watakaosema kuwa kasoro hizo ni za barabarani tu, na kwamba mzalishaji mwadilifu huziepuka. Ni kweli kwamba wapo wazalishaji waadilifu. Lakini swali la familia si uadilifu wa muuzaji pekee, bali ni kile kinachouzwa. Mbwa aitwaye German Shepherd, ambaye Wakenya wengi humtamani, aliasisiwa kama nasaba nchini Ujerumani mwaka wa 1899 na Max von Stephanitz, akikusudiwa kuchunga kondoo kutwa nzima. Mnyama wa kazi kama huyo akifungiwa bandani tangu alfajiri hadi magharibi, hageuki kuwa rafiki wa watoto kwa sababu tu aligharimu pesa nyingi. Isitoshe, nasaba hiyo hujulikana kwa maradhi ya nyonga yanayorithiwa. Nasaba, kwa hiyo, si dhamana ya afya wala ya tabia. Umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi ya mbwa huanza mapema mno: kati ya juma la tatu na takriban la kumi na mbili ndipo kilebu hujifunza kwamba binadamu, sauti za nyumbani na mbwa wenzake si vitu vya kuogopwa. Aliyepitisha majuma hayo miongoni mwa watu ni bora kwa familia kuliko mwenye ukoo maarufu aliyeyapitisha kizimbani.

Je, kilebu huyo apatikane wapi? Mlango wa kwanza ni wa jirani. Kenya haina uhaba wa vilebu. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu na aweza kuzaa hata mara mbili kwa mwaka. Katika mitaa na vijiji vingi wapo wenye nyumba wanaohangaika namna ya kuwaondoa vilebu ambao hawakuwapanga. Baadhi huishia majalalani. Familia ibishayo hodi katika nyumba kama hiyo hupata jambo ambalo karatasi ya ukoo haiwezi kulitoa: humwona mama. Mama akiwa mtulivu mbele ya wageni, akiwaruhusu watoto wamkaribie bila kunguruma wala kujificha, ametoa ushahidi mkubwa juu ya wanawe. Watoto na waende mara mbili au tatu kabla ya kuchagua, na kilebu asiondolewe kwa mama kabla ya kutimiza majuma manane. Adabu nayo ichungwe. Kupewa kilebu bure hakumaanishi kuondoka mikono mitupu. Shukrani bora kuliko zote ni kuchangia gharama ya kumfunga kizazi yule mama, ili uzao ujao usiishie jalalani.

Mlango wa pili ni wa makao ya wanyama waliookolewa. Chama cha kuwakinga wanyama dhidi ya ukatili, kijulikanacho kwa ufupisho wa KSPCA, kilianza mwaka wa 1910, na makao yake yako Karen, Nairobi. Huko hupatikana vilebu na mbwa wazima walioachwa, waliopotea au waliojeruhiwa. Mtu asione vibaya kuulizwa kuhusu ua wake, lango lake na nani atakayebaki na mbwa mchana, kwa kuwa anayemwuliza mpokeaji maswali anamjali anayepokelewa. Familia isiyo na muda wa kumfunza kilebu yafaa imfikirie pia mbwa mzima, ambaye tabia yake imekwisha kudhihirika.

Mlango wa tatu ni wa daktari wa mifugo. Aghalabu yeye ndiye ajuaye mbwa wa nani amezaa, nani anahama na hawezi kusafiri na mbwa wake, na ni mbwa yupi amechanjwa. Kumwuliza hakugharimu kitu, na kunamfahamisha daktari na mteja wake wa kesho.

Pingamizi zipo na zinastahili heshima. Ya kwanza ni ya gharama: rahisi huvunja upishi, na kilebu wa bure huenda akala fedha nyingi kwa dawa za minyoo, chanjo na chakula. Hoja hiyo ni sahihi, ila gharama hizo humkabili pia aliyenunua. Familia isiyoweza kuzimudu haistahili kuchukua kilebu kutoka popote. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimtambui mnyama wa bure na wa kununuliwa. Kumnyima chakula na maji ni kosa kwa wote wawili. Ya pili ni ya imani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, ingawa kumfuga kwa ulinzi, uwindaji au uchungaji kunaruhusiwa. Nyumba inayofuata mafunzo hayo isishurutishwe na mitindo ya watu wengine, na jirani apendaye mbwa ana wajibu wa kumzuia mbwa wake asivuke ua.

Jambo lililo zito kuliko yote ni ugonjwa. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya tangu mwaka wa 1912, na hadi leo dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, na kwamba wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza vifo hivyo ifikapo 2030. Wataalamu wanakubaliana kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Hapa ndipo uamuzi wa familia moja unapogusa jamii nzima. Kilebu anunuliwaye kwa pupa, kisha akaachwa barabarani atakapokuwa mkubwa na msumbufu, huongeza mbwa mmoja asiye na mwenyewe wala chanjo. Kilebu achukuliwaye kwa jirani, akachanjwa atimizapo miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, hupunguza mmoja.

Katika malango mengi ya miji yetu kumeandikwa maneno mawili: MBWA KALI. Walimu wa Kiswahili hucheka, maana mbwa yumo katika ngeli ya A-WA na kivumishi kilipaswa kuwa "mkali". Kosa hilo, lenye harufu ya Kisetla, lina ukweli wa kuhuzunisha ndani yake: mbwa amenyimwa upatanisho wa viumbe hai, akawekwa langoni kama kufuli. Familia itafutayo kilebu kwa ajili ya watoto wake inatafuta uhusiano mwingine kabisa. Haitaupata kwa kulipa bei kubwa zaidi. Itaupata kwa kubisha hodi kwa jirani, kumtazama mama, kusubiri majuma manane yatimie, na kumpeleka kilebu kwa daktari kabla hata ya kumpeleka kwa wapiga picha. Hapo mtoto atakapoulizwa mwana wa mbwa huitwaje, hatahitaji kukariri. Atasema "kilebu", kisha atamwita kwa jina lake.